Voi Ndani ya Xbox: Kutoka Simba wa 1898 Hadi Halo 3

Kuna mji mmoja wa Kenya ambao mamilioni ya vijana wa Marekani, Ulaya na Japani wameupigania usiku kucha bila kujua kama upo kweli. Si Nairobi. Ni Voi. Naam, Voi hii hii ya mashamba ya mkonge na vumbi jekundu, pale njia ya Taveta inapoachana na barabara kuu ya Mombasa.

Tarehe 25 Septemba 2007, kampuni ya Bungie, ambayo wakati huo bado ilikuwa chini ya Microsoft, ilitoa gemu ya Halo 3 kwa ajili ya Xbox 360. Siku ya kwanza, nchini Marekani pekee, iliuza kwa dola milioni 170. Hadithi yake ni ya karne ya 26. Viumbe kutoka sayari nyingine wameivamia dunia, na kitu wanachokitafuta kimefukiwa ardhini karibu na Voi. Hatua moja ya gemu hiyo inaitwa Tsavo Highway. Mbili zinazofuata, The Storm na Floodgate, zinachezwa Voi kwenyewe.

Nimeuchagua mji huu kwa sababu nimechoka na ule ubishi wa kama gemu ni sanaa au si sanaa. Wenye kumbukumbu hawajasahau Aprili 2010, pale Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa gazeti la Chicago Sun-Times, alipoandika kwamba gemu kamwe haziwezi kuwa sanaa. Alimwagiwa maelfu ya majibu, na Julai mwaka huo huo akalegeza kamba, akakiri kwamba hakupaswa kuhukumu kitu ambacho hakutaka hata kukicheza. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba gemu zina ulinzi wa kikatiba kama ule wa vitabu na filamu. Mwaka 2012 jumba la Smithsonian mjini Washington likafanya maonyesho ya sanaa ya gemu, na mwishoni mwa mwaka huo jumba la MoMA la New York likaingiza gemu 14 katika hazina yake, Pac-Man na Tetris zikiwamo.

Basi mahakama imesema na makumbusho yamesema. Lakini naona swali lenyewe lilikaa vibaya tangu mwanzo. Linauliza habari za chombo badala ya kazi iliyofanywa kwa chombo hicho. Hakuna mtu anayeuliza kama kalamu ni sanaa. Swali lenye faida ni hili: kazi hii inapotuonyesha mahali na watu wa mahali hapo, imewaangalia kweli, au imechukua jina tu? Voi na Tsavo zinafaa sana kwa mtihani huu, maana teknolojia mpya za burudani zimekuja kutafuta hadithi hapa mara tatu: 1952, 1996 na 2007. Tuanze na kisa kilichozaa mbili za kwanza.

Simba wawili na orodha isiyokuwepo

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Machi 1898 mhandisi Mwingereza, John Henry Patterson, alifika mto Tsavo, kama kilomita 50 kupita Voi, kusimamia ujenzi wa daraja. Kwa miezi kadhaa simba wawili madume wasio na manyoya ya shingo waliingia kambini usiku na kuburuta vibarua kutoka ndani ya mahema. Kazi ilisimama. Patterson alimuua wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29 Desemba 1898. Kitabu chake kikatoka mwaka 1907. Mwaka 1924 ngozi na mafuvu ya simba hao aliyauzia jumba la Field Museum la Chicago kwa dola 5,000, na huko ndiko waliko hadi leo.

Waliliwa wangapi? Hapa ndipo mtu wa data anakaa kitako. Kitabu kinataja vibarua 28 kutoka Bara Hindi, na kwamba juu ya hao kuna Waafrika wengi ambao hakuna aliyeweka kumbukumbu yao. Baadaye Patterson alipandisha hesabu hadi watu 135. Mwaka 2009 wanasayansi walipima kemikali katika mifupa na manyoya ya simba hao, wakakadiria watu kama 35. Mwaka 2024 wengine wakachunguza DNA ya nywele zilizoganda katika meno yao yaliyovunjika, wakakuta twiga, pundamilia, choroa, kuro, nyumbu, na mwanadamu.

Tafakari kidogo, ndugu msomaji. Miaka 126 baadaye tunajua simba hawa walikula kuro. Majina ya Waafrika waliowala hatuyajui, hata idadi yao. Na si kwamba karatasi zilipotea. Reli ilikuwa na orodha ya vibarua wa Kihindi kwa sababu waliajiriwa kwa mkataba na mtu angeuliza walikokwenda. Mwafrika wa kijiji cha jirani, au mpagazi aliyekuwa akipita, hakuwa na mahali pa kuandikwa. Kwa lugha ya sisi waandishi wa programu, tatizo halikuwa mstari ulioachwa wazi ndani ya jedwali. Jedwali lenyewe halikutengenezwa.

Hili liwekeni akilini, tutalikuta tena.

1952: simba anakurukia mapajani

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Hollywood ilikuwa na hofu. Watu walikuwa wamenunua televisheni na kuacha kwenda sinema. Mtayarishaji Arch Oboler akachukua kisa cha Tsavo, akakipiga kwa kamera mbili ili kila jicho lipate picha yake, na Novemba 26, 1952 akazindua Bwana Devil mjini Hollywood. Hiyo ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya rangi na ya 3D kutengenezwa Marekani. Matangazo yake yaliahidi simba mapajani mwako. Wahakiki waliiponda, lakini watu walipanga foleni, na ndani ya miezi michache kila kampuni ya filamu ilikuwa inakimbilia 3D.

Huenda wewe mwenyewe umeiona alama ya usiku ule bila kujua. Ile picha maarufu ya ukumbi uliojaa watu waliovaa miwani ya 3D, wote wamekodoa macho upande mmoja, ilipigwa na J. R. Eyerman wa gazeti la Life katika uzinduzi wa Bwana Devil. Picha hiyo imetumika na kutumika tena kueleza jinsi teknolojia inavyoteka watu. Ni wachache wanaojua kwamba watu wale walikuwa wanaangalia kisa cha Tsavo, tena Tsavo ambayo sehemu kubwa yake ilipigwa California.

1996: simba kutoka Kanada

Mara ya pili ilikuwa The Ghost and the Darkness, filamu ya 1996, Val Kilmer akiwa Patterson na Michael Douglas akiwa mwindaji ambaye hakuwahi kuwepo katika kisa cha kweli. Fundi Stan Winston alitengeneza simba wa mitambo. Filamu ilipata tuzo ya Oscar ya uhariri wa sauti, na ilistahili: ngurumo zile ukizisikia kwenye spika nzuri, mgongo unasisimka. Ebert, yule yule wa gemu, aliikosoa vikali.

Sasa fuatilia njia yake. Kisa ni cha Tsavo. Filamu ilipigwa Afrika Kusini. Kati ya simba waliocheza, wawili, Bongo na Caesar, walitoka bustani ya wanyama ya Bowmanville, Kanada. Walikuwa na manyoya makubwa ya shingo kwa sababu mtazamaji anatarajia simba awe hivyo, ingawa wale wa kweli hawakuwa nayo. Na wale wa kweli wako Chicago. Kitu pekee kilichotoka Tsavo ni jina.

Hata hivyo niseme ukweli, filamu ile ilijaribu jambo moja. Msimulizi wake ni Mwafrika aitwaye Samuel, aliyechezwa na John Kani wa Afrika Kusini. Samuel ni wa kubuni. Ilibidi abuniwe, kwa sababu aliyetaka Mwafrika mwenye jina ndani ya kisa hiki hakuwa na pengi pa kumtafuta.

2007: mji wa viwanda usio na wenyeji

Turudi kwenye Xbox. Voi ya Halo 3 ni mji wa viwanda: maghala ya chuma, mabomba, mitambo mikubwa. Unaingia na gari lako, unapigana kupita ndani ya kiwanda, na kwa mbali unaona kitu kikubwa mno kikifunguka katika ardhi kavu. Kiufundi ni kazi ya ajabu kwa mashine ya 2007. Mwanga wa mchana katika Tsavo Highway, lile jua la nyika linalopauka kila kitu, waliupata vizuri kuliko filamu zote mbili nilizozitaja. Kuna mtu pale Bungie aliyekaa akatazama picha za nchi hii kwa makini, na kwa hilo nampa heshima yake.

Lakini watu je? Raia unaowakuta ni wafanyakazi wachache wa kiwanda, na hawana majina. Hakuna soko. Hakuna msikiti wala kanisa. Hakuna milima ya Taita iliyojaa mashamba na moshi wa jikoni. Kisha katika Floodgate mji unapatwa na ugonjwa unaogeuza watu kuwa mazimwi, na ili usienee, meli za washirika wetu zinachoma ardhi kutoka angani. Amiri wa binadamu analalamika kwamba nusu ya bara imechomwa. Nusu ya bara! Kisha hadithi inasonga mbele kana kwamba ameungua mkate.

Na kuna kichekesho cha mtandao hapa. Halo 3 ilisifika kwa kuchezwa na watu wengi kupitia intaneti. Mwaka 2007 kebo ya chini ya bahari ilikuwa haijafika Kenya. Tulikuwa tunategemea setilaiti, ghali na ya kusuasua. Kijana wa Texas angeweza kuitetea Voi mtandaoni saa nane za usiku. Kijana wa Voi asingeweza. Kebo ya SEACOM ilianza kazi Mombasa Julai 2009.

Miezi miwili baadaye, Septemba 2009, Bungie wakatoa Halo 3: ODST, na hii ndiyo gemu iliyonifanya niache kubishana kuhusu sanaa. Inachezwa Mombasa ya mwaka 2552. Ni usiku, mvua inanyesha, saksafoni inalia, na wewe ni askari mmoja aliyepotea akitembea katika mji ambao watu wake wameukimbia. Majina ya mahali yametafutwa: Kizingo, Kikowani, na uwanja unaoitwa Tayari, ambao mtu wa Mombasa ataunganisha mara moja na Mwembe Tayari. Ukitembea unaokota vipande vya sauti vinavyosimulia kisa cha binti mmoja wa mjini, Sadie, anayejaribu kumfikia baba yake. Baba anaitwa Dakta Endesha. Ndiyo, Endesha! Ni kama kumwita dereva Bwana Kanyaga. Aliyechagua jina hilo ni dhahiri alifungua kamusi, akaona neno la kuendesha mitambo, akaridhika.

Cheka, lakini angalia tofauti. Katika Voi ya 2007 utupu wa mji haukuumi, kwa sababu hukuambiwa nani alikuwa akiishi pale. Katika Mombasa ya 2009 utupu ule ule unakuuma, kwa sababu una jina la mtu na sauti yake sikioni. Mashine ni ile ile, kampuni ni ile ile, na gemu zote mbili ni za kufyatua risasi. Kilichobadilika ni kwamba safari hii walimwandikia mwenyeji mstari wake katika jedwali. Kwangu mimi, sanaa ilianzia hapo.

Ukumbusho wa 2553 na ule wa kweli

Mwisho wa Halo 3 unafanyika mlimani, Machi 3, 2553, karibu na lile lango la Voi. Vita vimekwisha. Wanajeshi wamesimama mbele ya ukumbusho uliotengenezwa kwa bawa la ndege, na mtu amekwaruza juu yake namba 117, namba ya shujaa wa gemu. Ni tukio zuri, nalo liligusa wengi.

Ila Voi ina makaburi ya vita ya kweli. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Waingereza wakaifanya Voi kuwa kituo chao, na mwaka 1915 wakaanza kujenga reli kutoka Voi kupitia Maktau kuelekea Taveta. Februari 1916 walishindwa vibaya katika kilima cha Salaita, kabla ya kuichukua Taveta mwezi uliofuata. Voi na Taveta zote zina makaburi yanayotunzwa na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, mawe yamepangwa safi, na majina yamechongwa.

Majina ya nani? Vita vile vilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, wale waliotuachia jina la Kariakoo. Walikufa kwa maelfu kwa maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa. Mwaka 2021 tume hiyo yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hadi 350,000, waliokufa wakiitumikia dola ya Uingereza katika Vita vya Kwanza, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Zile sanamu za askari na wapagazi za Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam zilijengwa miaka ya 1920 bila jina hata moja.

Basi mnaona kwa nini niliwaambia muiweke akilini ile orodha ya reli. Mwaka 1898 hatukuandikwa. Mwaka 1916 hatukuandikwa. Watengenezaji wa gemu wa 2007 walipoitafuta Voi, walikuta ramani, picha za nyika na jina. Siwezi kuwalaumu peke yao. Msanii wa mbali huchora kwa data aliyoikuta, na pale ambapo data haipo, huweka kiwanda.

Tufanye nini?

Leo ukiandika neno Voi kwenye mtandao unaweza kuletewa pikipiki ndogo za umeme za kukodisha, za kampuni ya Sweden iliyoanzishwa mwaka 2018. Mashabiki wa Halo nao wana ensaiklopidia yao, Halopedia, yenye ukurasa wa Voi ya karne ya 26. Hao wamefanya kazi yao. Yetu iko wapi?

Si kwamba hatuwezi. Katika kumbi za video, wasimulizi kama DJ Afro wamekuwa wakichukua filamu za watu na kuzifanya zetu kwa Kiswahili na Sheng, mpaka mtazamaji anasahau kwamba filamu ilikuwa ya Wachina. Mwaka ule ule wa ODST, 2009, Wanuri Kahiu alitoa Pumzi, filamu fupi ya Afrika Mashariki ya baadaye iliyokosa maji. Mwaka 2011 Andrew Kaggia alitoa Wageuzi, katuni ya 3D iliyowageuza wanasiasa wetu kuwa maroboti ya kukimbizana, na mwaka 2015 kampuni yake ya Black Division Games ikatoa Nairobi X, gemu ambamo wavamizi kutoka angani wanaishambulia Nairobi na anayeitetea ni Mkenya.

Vyombo navyo havina tena kisingizio. Blender ya kuchonga maumbo ni ya bure tangu 2002. Godot ya kutengeneza gemu ni ya bure tangu 2014. OpenStreetMap inamruhusu yeyote kuchora mtaa wake tangu 2004. Kijana mwenye kompyuta ya mtumba na simu ya kupiga picha anaweza kuiweka Voi yote ndani ya faili moja: stesheni ya zamani na ile ya SGR ya 2017, soko, barabara ya kwenda Taveta, milima ya Sagalla nyuma ya mji.

Lakini ningeomba asianze na risasi, wala asianze na simba. Aanze na majina. Wazee wa Taita na Taveta bado wana simulizi za babu zao waliobeba mizigo, waliochimba njia ya reli, waliokimbia Taveta mwaka 1914. Hizo zirekodiwe kwa simu, zipewe tarehe na mahali, ziwekwe mtandaoni kwa Kiswahili na kwa Kitaita, hata kwenye ukurasa mtupu usio na rangi. Ukurasa wa namna hiyo unasomeka hata kwa intaneti mbovu, na utadumu kuliko gemu yoyote inayohitaji mashine fulani. Msanii akija baadaye, awe wa Wundanyi au wa Washington, atakuwa na mtu wa kumchora.

Nimalizie hapa maana umeme unachezacheza. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kutoa ramani ya mji wako OpenStreetMap na kuiingiza ndani ya Godot. Nitatumia Voi kama mfano.